Hofu ya Kung'olewa Gego la Mwisho na Mizizi Yake

Watu wawili wanaweza kuketi kwenye benchi moja nje ya chumba cha daktari wa meno, kila mmoja akisubiri kung'olewa gego la mwisho la chini, na wote wawili wakawa wameshikwa na hofu ambayo kwa nje inafanana kabisa: viganja vimelowa jasho, koo limekauka, macho hayabanduki mlangoni. Ukiwauliza, hata hivyo, utakuta kwamba mmoja anaogopa sindano na wala hajali kitakachofuata, ilhali mwenzake sindano ameizoea na kinachomkosesha usingizi ni habari aliyosikia ya mtu ambaye mdomo wake ulibaki na ganzi kwa miezi. Kuwaambia wote wawili wajikaze kwa kuwa ni jambo la dakika chache ni kuwanyima msaada, kwani maneno hayo hayajibu swali la yeyote kati yao.

Hofu ya kung'olewa gego la mwisho, ambalo wengi hulijua kwa jina la jino la busara, ni fungu la hofu kadhaa zilizofungwa pamoja, na kila moja ina chanzo chake na namna yake ya kushughulikiwa. Baadhi ni za haki kabisa na zinahitaji majibu ya kitabibu. Baadhi zinatokana na mwili kufanya kazi yake ya kawaida ambayo mwenye mwili hakuelezwa. Nyingine zimekuzwa na kusubiri tu. Mtu anayezichanganya zote hujikuta akitafuta dawa moja ya kumaliza kila kitu, na asipoipata huahirisha miadi mwezi baada ya mwezi, huku gego likiendelea na mambo yake.

Hofu ya kwanza, na ambayo kwa maoni yangu huheshimiwa kidogo kuliko inavyostahili, ni shaka kama kweli jino linahitaji kutolewa. Magego ya mwisho kwa kawaida huchomoza kati ya umri wa miaka 17 na 25, wakati ambapo meno mengine yote yameshachukua nafasi zao. Wapo watu wenye manne, wapo wenye pungufu, na wapo ambao hawaoti hata moja. Gego linapokosa nafasi hukwama chini ya fizi au ndani ya mfupa, likiwa limelala kabisa au limeegemea gego lililo mbele yake. Likitokeza nusu tu, fizi inayolifunika nusu ya pili hugeuka mfuko wa kuhifadhi mabaki ya chakula na bakteria. Hapo ndipo hutokea uvimbe unaorudi kila baada ya muda, usaha, harufu mbaya, na siku nyingine taya kushindwa kufunguka. Vilevile gego lililoegemea huacha pembe ambayo mswaki haufiki, na jino linaloharibika hapo mara nyingi si lile la mwisho, bali ni jirani yake, ambalo mtu alitarajia kulitumia maisha yake yote.

Pakiwa na mojawapo ya matatizo hayo, hoja ya kuling'oa ni nzito. Mjadala upo kwa magego yaliyokwama bila kusumbua. Nchini Uingereza, taasisi inayotoa miongozo ya tiba, NICE, iliagiza mwezi Machi mwaka 2000 kwamba magego yaliyokwama yasiyo na ugonjwa yasing'olewe kwa ajili ya tahadhari tu. Mahali pengine madaktari wako tayari zaidi kuyatoa mapema, kwa hoja kwamba mgonjwa mwenye umri mdogo ana mizizi ambayo haijakamilika na mfupa usio mgumu sana, hivyo kazi huwa nyepesi na kidonda hupona upesi. Pande zote mbili zina sababu zao. Kwa mgonjwa mwenye wasiwasi, swali lenye faida ni moja: nini kinaweza kutokea nikiliacha, na mnaonaje hilo kwenye picha? Daktari anayejua kazi yake ataiweka picha ya eksirei kwenye mwanga na kuonyesha kwa kidole. Wapo watu ambao hofu yao hupungua nusu kwa jibu hilo peke yake, kwa sababu tangu mwanzo hawakuwa waoga, walikuwa hawajasadiki.

Hofu ya maumivu ndiyo inayotajwa kwanza na kila mtu, na kwa karne nyingi ilikuwa na haki yake yote. Kabla ya dawa za ganzi, kung'oa jino kulihitaji mikono yenye nguvu, si ya mng'oaji peke yake, bali pia ya wale waliomshikilia mgonjwa. Ndiyo maana haishangazi kwamba madaktari wa meno walikuwa mstari wa mbele katika kutafuta njia ya kuzima maumivu. Tarehe 11 Desemba 1844, Horace Wells wa mji wa Hartford, Marekani, alivuta gesi ya naitrasi oksaidi kisha akamruhusu mwenzake, John Riggs, amng'oe gego. Na tarehe 16 Oktoba 1846, William Morton, naye daktari wa meno, akaonyesha hadharani matumizi ya etha, dawa ambayo mvuke wake huvutwa ukamlaza mgonjwa, katika hospitali moja mjini Boston. Lidokaini, ambayo ni miongoni mwa dawa za ganzi zinazotumika sana leo, ilitengenezwa nchini Uswidi na mwanakemia Nils Löfgren mwaka 1943, ikaanza kuuzwa mwaka 1948. Kwa kipimo cha historia ya tiba, hizi ni habari za juzi, na masimulizi ya mateso yaliyotangulia bado yanapokezanwa midomoni mwa watu kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Lidokaini haimlazi mtu usingizi. Kazi yake ni kuziba milango midogo ambayo chembe za sodiamu hupitia kuingia ndani ya neva, na chembe hizo zisipoingia, neva haiwezi kupeleka ujumbe wa maumivu kwenye ubongo. Kwa magego ya chini, dawa huchomwa upande wa ndani wa taya, nyuma kabisa ya kinywa, karibu na mahali ambapo neva kubwa ya taya la chini huingia kwenye mfupa. Baada ya dakika chache, nusu ya mdomo wa chini huanza kuhisiwa kuwa mzito na mnene, kana kwamba umevimba, ingawa kwenye kioo uko vilevile. Daktari husubiri ishara hiyo, kisha hugusa fizi kwa kifaa chenye ncha kuhakikisha kwamba mgonjwa hahisi uchungu kabla ya kuanza.

Jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi mapema ni kwamba ganzi haizimi kila hisia kwa kiwango kimoja. Neva nyembamba zinazobeba maumivu huzimika kwa urahisi zaidi kuliko neva nene zinazobeba hisia za kuguswa na kusukumwa. Matokeo yake ni kwamba mgonjwa ambaye ganzi imemkolea sawasawa bado atahisi mengi sana, na kama hakuelezwa, atayatafsiri mengi hayo kuwa dalili kwamba dawa haifanyi kazi na kwamba maumivu yako njiani yanakuja.

Inafaa basi kueleza kinachofanyika. Gego likiwa limekwama, daktari hupasua fizi kidogo na kuikunja pembeni, huondoa sehemu ndogo ya mfupa unaolizingira kwa mashine inayomwagiwa maji muda wote ili mfupa usipate joto, na mara nyingi hulikata gego vipande ili kila kipande kitoke kwa njia yake. Kisha huingiza kifaa chembamba chenye ncha bapa kati ya jino na mfupa, akakizungusha taratibu kama mtu anayebinua kifuniko cha kopo. Hapo ndipo mgonjwa huhisi taya likielemewa na kichwa kikisukumwa upande mmoja, msaidizi akalitegemeza taya kwa kiganja kutoka chini, na mara husikika mlio mkavu wa kitu kupasuka. Mlio huo ndio unaowatoa watu roho. Husafiri ndani ya mfupa wa taya na fuvu moja kwa moja hadi kwenye sikio la ndani, kwa hiyo unamfikia mgonjwa kwa nguvu ambayo hakuna mtu mwingine chumbani anayeisikia, na kwa kawaida ni jino linalogawanyika vile daktari alivyokusudia. Msukumo na mlio ni vya kawaida. Kitu chenye makali, kinachochoma au kinachompa mtu mshtuko wa ghafla, si cha kawaida, na hicho ndicho cha kumsimamishia daktari mkono ili aongeze dawa.

Ni lazima pia isemwe wazi kwamba ganzi wakati mwingine hushindwa, na mtu anayesimulia kwamba alichomwa sindano na bado akaumia hazushi. Sababu mojawapo inajulikana vizuri: sehemu yenye uvimbe na usaha huwa na asidi nyingi kuliko kawaida, na katika mazingira hayo ni kiasi kidogo tu cha dawa kinachoweza kupenya ndani ya neva. Ndiyo sababu daktari anaweza kuamua kutuliza kwanza uambukizi na kupanga kung'oa siku nyingine, au kuweka ganzi mbali kidogo na eneo lililoathirika, au kuongeza aina nyingine ya sindano. Mgonjwa aliyewahi kuumizwa namna hiyo asione haya kulieleza tangu anapoketi kitini. Kwa daktari hiyo ni taarifa ya kazi.

Kwa sindano yenyewe kuna mambo mawili yasiyofanana ambayo huwekwa katika kapu moja. La kwanza ni uchungu wa kuchomwa, ambao hupunguzwa kwa kupaka jeli ya ganzi juu ya fizi na zaidi kwa daktari kusukuma dawa polepole, kwa kuwa sehemu kubwa ya uchungu hutokana na dawa kupanua nyama kwa haraka. Pamoja na lidokaini huwekwa mara nyingi adrenalini kidogo, inayobana mishipa ya damu ili ganzi isichukuliwe upesi na damu isitoke sana. Baadhi ya watu huhisi moyo ukienda mbio na mikono ikitetemeka kwa dakika chache baada ya sindano, wakadhani wamepatwa na kiwewe au wana mzio wa dawa, kumbe ni adrenalini hiyo inapita. Kulijua hilo kabla kunamwokoa mtu na hofu ya kuogopa hofu yake mwenyewe. Mwenye ugonjwa wa moyo au anayetumia dawa za kila siku amwambie daktari mapema, kwani aina na kiasi cha ganzi vinaweza kubadilishwa.

La pili ni kuzirai, na hapa ushauri wa kawaida unaweza kumpotosha mtu. Hofu nyingi hupandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu na kuyaacha huko juu, ndiyo maana kupumua polepole, kwa pumzi ndefu ya kutoa kuliko ya kuvuta, husaidia. Lakini wapo watu ambao wakiona sindano au damu, shinikizo lao hupanda kisha hushuka ghafla. Uso hupauka, jasho baridi huwatoka, masikio huvuma, na wakiwa wamekaa wima huanguka. Kwa hao, kuambiwa walegeze mwili ni kuwasukuma kule kule wanakoelekea. Mwanasaikolojia wa Uswidi, Lars-Göran Öst, pamoja na wenzake walichapisha katika miaka ya 1980 njia inayokwenda kinyume: mtu hukaza misuli ya mikono, miguu na kiwiliwili kwa sekunde 10 hadi 15 mpaka ahisi joto usoni, hulegeza kwa sekunde 20 hadi 30 bila kujilegeza kabisa, kisha hurudia mara kadhaa. Kukaza huko hulizuia shinikizo la damu lisiporomoke. Mtu mwenye historia ya kuzirai afanye mazoezi hayo nyumbani kwa siku chache, aombe alazwe chali kwenye kiti, na asiende na njaa. Hili la mwisho hukosewa mara nyingi: katazo la kula kabla ya upasuaji ni la wanaopewa usingizi wa nusukaputi au dawa nzito za kutuliza, ilhali anayechomwa ganzi ya kawaida tu anashauriwa ale chakula chepesi kabla, maana tumbo tupu humkaribisha kuzirai.

Ipo hofu nyingine isiyohusiana na maumivu wala damu, nayo ni ya kunyang'anywa mamlaka juu ya mwili wako. Mtu amelazwa chali, taa inammulika usoni, kinywa kimejaa vyuma na mrija wa kunyonya mate, hawezi kusema, na hajui kitakachofuata. Watu wenye nafasi kubwa na maamuzi mengi kazini, nimeona, husumbuliwa na jambo hili zaidi kuliko wanavyokubali kukiri. Tiba yake ni ya bei rahisi kuliko zote: makubaliano ya ishara. Mgonjwa akiinua mkono wa kushoto, daktari anasimama, bila kuuliza kwanza na bila kusema "bado kidogo tu". Ishara hiyo ina maana pale tu inapoheshimiwa mara ya kwanza inapotumika, na mgonjwa ana haki ya kuijaribu mapema, wakati bado hakuna linaloendelea, ili aone kama kweli itafanya kazi. Wengine hutaka kuelezwa kila hatua kabla haijafanyika; wengine hutaka wasiambiwe chochote, wawekewe muziki masikioni. Daktari hawezi kukisia wewe ni wa kundi gani.

Hofu ya madhara ya kudumu inahitaji takwimu na picha, kwa sababu maneno ya kufariji hayaijibu. Chini ya mizizi ya magego ya chini unapita mfereji wenye neva inayohisi mdomo wa chini na kidevu, na upande wa ndani wa taya inapita neva ya ulimi. Zikiguswa au kubanwa, mtu anaweza kubaki na ganzi au hisia za kuwashawasha kwa wiki au miezi kadhaa. Hali hiyo hutokea kwa asilimia chache za wagonjwa, na ikiwatokea, wengi wao hurudi katika hali ya kawaida. Ya kudumu kwa jumla ni chini ya asilimia 1. Wastani huo, hata hivyo, unaunganisha watu wenye hatari tofauti sana. Gego la juu halikaribii neva hizo kabisa. Gego la chini ambalo mizizi yake iko mbali na mfereji lina hatari ndogo kuliko wastani, na lile ambalo kwenye picha mstari mweupe wa ukuta wa mfereji unakatika pale unapopita mzizi, au mzizi wenyewe unaonekana kuwa na kivuli cheusi mahali hapo, lina hatari kubwa zaidi.

Kwa hiyo mwenye hofu hii aulize jambo mahususi: mizizi yangu iko umbali gani na mfereji? Picha ya kawaida ikileta mashaka, ipo picha ya pande tatu inayoonyesha kama neva inapita nyuma, pembeni au katikati ya mizizi. Na ikithibitika kwamba vimekaribiana mno, lipo chaguo ambalo wagonjwa wachache hulisikia: daktari hukata na kuondoa sehemu ya juu ya gego peke yake, akaiacha mizizi ndani ya mfupa ipone hapo ilipo. Si kila gego linafaa kwa njia hiyo, na mara nyingine mizizi iliyobaki husogea na kuhitaji kutolewa baadaye, ingawa wakati huo huwa imejitenga na neva. Lakini kujua tu kwamba njia ipo hubadilisha mazungumzo, kwa maana hofu inageuka kuwa uamuzi wa watu wawili wanaotazama picha moja.

Kuna hofu ambayo haina mahali pengine pa kukaa isipokuwa katika siku za kusubiri. Mwaka 2006, Gregory Berns na wenzake walichapisha katika jarida la Science jaribio ambalo washiriki walipigwa shoti ndogo za umeme mguuni baada ya kusubiri kwa muda mfupi au mrefu. Baadhi yao walichagua shoti kali zaidi ilimradi ije upesi, kuliko hafifu ya kusubiriwa. Kwa watu hao kungoja kwenyewe kulikuwa ni sehemu ya adhabu. Anayejitambua kuwa yuko hivyo aombe miadi ya karibu na ya saa za asubuhi, asipewe siku nzima ya kuhesabu saa. Anayejitambua hivyo tena asijaze siku hizo kwa kutazama video za upasuaji wa meno, ambazo humwonyesha damu na vyuma bila kumwonyesha ganzi, kwa kuwa ganzi haionekani kwenye kamera.

Kumbukumbu nayo ina mchango wake. Utafiti wa Gerald Kent, uliochapishwa mwaka 1985, uligundua kwamba wagonjwa wenye wasiwasi mkubwa walipoulizwa miezi mitatu baada ya matibabu ya meno, maumivu waliyoyakumbuka yalikaribia zaidi yale waliyokuwa wameyatarajia kuliko yale waliyoyataja siku ya matibabu. Hofu ilikuwa imerudi nyuma kuandika upya jambo lililokwisha kupita. Kwa sababu hiyo, mtu mwenye woga mwingi hafanyi vibaya kuandika mahali fulani, saa ileile anapotoka, ilivyokuwa kweli. Maneno mawili matatu yatamfaa siku gego la upande wa pili litakapodai zamu yake.

Wapo ambao hofu yao ni kubwa kuliko maelezo. Madaktari wana vipimo vya kuitambua: Norman Corah alitunga mwaka 1969 dodoso la maswali manne, na mwaka 1995 Gerald Humphris na wenzake wakaliboresha kwa kuongeza swali la tano, linalohusu sindano ya ganzi. Alama za dodoso jipya huanzia 5 hadi 25, na anayefikisha 19 au zaidi huhesabiwa kuwa na hofu kali mno. Mtu wa namna hiyo hahitaji kuhubiriwa ujasiri. Anahitaji msaada wa dawa, au wa mtaalamu wa saikolojia, au wote wawili. Gesi ya naitrasi oksaidi huvutwa puani, humfanya mtu awe mtulivu, na huisha mwilini dakika chache baada ya kuacha kuivuta. Dawa kama midazolamu, inayopitishwa kwenye mshipa, humfanya mgonjwa asinzie huku akiendelea kuitika anapoongeleshwa, na mara nyingi baadaye hakumbuki kilichotendeka, ingawa ganzi bado huchomwa kama kawaida. Nusukaputi kamili huachwa kwa kazi ngumu au kwa wasioweza kutibiwa kwa njia nyingine, kwa sababu ina hatari zake na hudai maandalizi makubwa zaidi, yakiwemo kutokula kwa takribani saa 6 kabla.

Anayepewa dawa za mshipani au nusukaputi lazima asindikizwe na mtu mzima, na asiendeshe gari wala kutia saini jambo lolote zito siku hiyo. Kinachosikitisha ni wale wanaojitibu wenyewe, wakameza vidonge vya usingizi vya ndugu au kunywa pombe kabla ya kwenda. Vitu hivyo huchanganyika vibaya na dawa za daktari, na daktari asiyejua kilichomo mwilini mwa mgonjwa wake anafanya kazi gizani.

Baada ya gego kutoka, hofu nyingi hutoweka, na mpya huzaliwa siku ya pili au ya tatu, uvimbe unapofikia kilele chake. Mtu aliyetoka kitini akiwa salama hujitazama kioo, akaona shavu limejaa na kinywa hakifunguki vizuri, akaamini kwamba kuna lililoharibika. Kwa kawaida hakuna. Uvimbe wa siku ya pili na ya tatu ni mwendo wa kawaida wa kupona, na baada ya hapo unatakiwa uanze kushuka. Kuhusu maumivu, mapitio ya mwaka 2013 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaochambua ushahidi wa tiba, yaliyohusu watu waliong'olewa magego ya mwisho ya chini yalionyesha kwamba ibuprofeni ya miligramu 400 ilituliza maumivu vizuri zaidi kuliko parasetamoli ya gramu moja, na kwamba kuzitumia pamoja kulitoa dalili za kufanya vizuri zaidi. Ibuprofeni haiwafai baadhi ya watu, hasa wenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, baadhi ya wenye pumu, na wajawazito, kwa hiyo swali hilo lijibiwe na daktari kabla mgonjwa hajaondoka. Kidonge cha kwanza kimezwe ganzi ingali ikifanya kazi, kwani kuwahi maumivu ni rahisi kuliko kuyafukuza.

Ndani ya shimo lililobaki hujijenga donge la damu ambalo ndilo msingi wa kupona. Likitoka au likiyeyuka mapema, mfupa hubaki wazi, na kati ya siku ya kwanza na ya nne huja maumivu makali yanayopanda hadi sikioni, pamoja na harufu mbaya. Hali hiyo huwapata zaidi waliong'olewa magego ya chini na wavutaji wa sigara. Inaumiza lakini si ya hatari: daktari husafisha shimo na kuweka dawa ndani yake, na nafuu mara nyingi huja upesi. Ili kulilinda donge, mgonjwa hung'ata kitambaa cha shashi kwa muda anaoelekezwa, hasukutui kinywa kwa saa 24 za kwanza, kisha huanza kusukutua taratibu kwa maji vuguvugu ya chumvi, na hagusi sigara kwa siku kadhaa.

Dalili za kumrudisha mtu kwa daktari bila kungoja miadi ni hizi: damu inayoendelea kutiririka hata baada ya kung'ata shashi kwa nguvu kwa nusu saa, homa, uvimbe unaozidi baada ya siku ya tatu badala ya kupungua, na ganzi ya mdomo au ulimi iliyobaki siku ya pili yake, wakati dawa ilipaswa kuwa imekwisha. Akishindwa kumeza mate au kupumua, asiende kwenye kliniki ya meno. Aende hospitali yenye huduma za dharura, saa hiyohiyo.